Ukumbi Wenye Madirisha Pande Mbili

Wakati wa Korona, mtu aliyefika kwenye mkutano Arua au Koboko, hapa West Nile, Uganda, alijua atakachokikuta mlangoni: ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, mlinzi mwenye kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, na daftari la majina na namba za simu. Ni mambo mema, na sisemi yaondolewe. Lakini ndani ya ukumbi mara nyingi madirisha yalikuwa yamefungwa, ama kwa kuogopa vumbi la kiangazi, ama ili mngurumo wa jenereta usimfunike mzungumzaji, na watu wakakaa humo kuanzia asubuhi hadi jioni wakivuta hewa ileile. Kwa ugonjwa unaosafiri kwa pumzi, huko ni kulinda mlango na kuuacha ukumbi wenyewe bila ulinzi. Mwandaaji mwenye fedha chache na akili iliyotawanyika kwenye mambo mia aanze na hewa, mengine yafuate.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana mapema. Tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa muda wa saa mbili na nusu katika jimbo la Washington, Marekani. Habari za ugonjwa walikuwa nazo: walitumia sanitaiza na kuepuka kukumbatiana. Hata hivyo 53 kati yao waliugua, akiwamo aliyekuja na dalili zilizofanana na mafua, na wawili wakafariki. Mikono yao ilikuwa safi. Hewa ndiyo iliyowaponza. Huku kwetu, Uganda ilipiga marufuku mikusanyiko Machi 2020, kisha Septemba ikaruhusu ibada za watu wasiozidi 70, na baadaye 200. Idadi ni rahisi kuisimamia, lakini haisemi lolote kuhusu jengo. Watu 70 chini ya mwembe na watu 70 katika chumba chenye dirisha moja ni mikutano miwili tofauti kabisa.

Tofauti hiyo hupimika bila mitambo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa kila sekunde katika majengo ya umma, likatoa na kanuni ya kukadiria: zidisha kasi ya upepo kwa eneo la uwazi ulio mdogo zaidi, kisha zidisha kwa 0.65 ikiwa hewa inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, au kwa 0.05 tu ikiwa madirisha yote yapo upande mmoja. Chukua ukumbi wa watu 100 wenye uwazi wa mita 4 za mraba, na upepo mwanana wa mita 1 kwa sekunde. Madirisha yakiwa wazi pande mbili, ukigeuza mita za ujazo kuwa lita na kugawanya kwa idadi ya watu, kila mtu anapata lita 26 kwa sekunde. Yakiwa wazi upande mmoja, anapata lita 2. Watu ni walewale na upepo ni uleule, lakini hewa imepungua mara kumi na tatu.

Kwa hiyo ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, unaoonekana kuwapa wageni heshima zaidi, unaweza kuwa mbaya kuliko darasa la zamani la misheni. Kiyoyozi cha ukutani cha kawaida hupoza hewa ya ndani na kuizungusha, hakileti mpya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka hospitali za Lima, Peru, ulikadiria uwezekano wa kuambukizwa kifua kikuu kwa mtu aliyekaa saa 24 karibu na wagonjwa: ulikuwa asilimia 39 katika vyumba vya mitambo ya hewa, na asilimia 11 katika vyumba vilivyojengwa kabla ya 1950, vyenye dari za juu na madirisha makubwa yaliyo wazi. Wenye majengo ya namna hiyo West Nile wana mali mikononi mwao.

Yupo atakayesema: mbona tusikutane kwa simu? Kwa semina ya takwimu, sawa. Lakini kumbukumbu ya raia waliouawa na askari katika misheni ya Ombaci tarehe 24 Juni 1981 haitoshi kwenye kioo cha simu, wala upatanisho wa ardhi kati ya koo mbili. Mwingine, na huyu ana hoja nzito zaidi, atakumbusha Ebola. Katikati ya mwaka 2019 mgonjwa alithibitishwa Ariwara, Ituri, jirani kabisa na mpaka wetu, na mkutano wa Arua huweza kuwa na wajumbe kutoka Kongo na Sudan Kusini. Ebola haienezwi na hewa ya ukumbini. Huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, na hapo maji, sabuni na kutopeana mikono ndiyo ngao. Nakubali bila shaka, na jambo hili linaitia nguvu hoja yangu: uliza kwanza ugonjwa unapita njia gani, ndipo ununue vifaa.

Kuna hatua moja inayofaa kwa magonjwa yote mawili, nayo inapuuzwa kwa sababu inagusa mfuko. Mjumbe akijua kwamba posho na nauli hulipwa kwa aliyesaini tu, atakuja na homa yake, amemeza dawa ya kuishusha, na kipimajoto cha mlangoni kitampitisha. Mlipeni aliyepiga simu asubuhi akasema anaumwa. Posho ya mtu mmoja ni ndogo kuliko gharama ya wajumbe wote kurudi vijijini na maambukizi.

Waandaaji, kabla ya kulipia ukumbi nendeni mkauone wenyewe. Pimeni uwazi wa madirisha, hakikisheni jenereta litakaa mbali na upande upepo unakoingilia, na muulize kama kuna kivuli nje cha kulia chakula, maana wakati wa kula hata aliyevaa barakoa huivua. Madirisha ya upande wa pili yakiwa hayafunguki, tafuteni ukumbi mwingine.