Riwaya yangu na mama wa vitumbua

Ukiniona kwenye daladala la Mbagala saa moja usiku, nimesimama mguu mmoja huku naongea peke yangu, usidhani nimechanganyikiwa. Natunga riwaya!

Kutwa nauza vitenge Kariakoo, narudi hoi. Na mwezi ujao mdogo wangu anahamia kwangu kuanza chuo. Chumba kimoja, taa moja. Nisipomaliza sasa, ndiyo basi tena.

Nikasikia habari za Wamarekani. Mwaka 1999 watu 21 kule San Francisco walijiwekea sharti la kuandika riwaya ndani ya mwezi mmoja. Mambo yakakua, ikawa kila Novemba, maneno 50,000 kwa siku 30. Chama kilichoendesha shughuli hiyo kilitangaza kufunga milango mwaka 2025, lakini hesabu yake ipo palepale: maneno 1,667 kwa siku. Kwa mwandiko wangu ni kurasa saba za daftari. Jamani! Siku ya kwanza niliandika mbili, ya pili moja na nusu, ya tatu nikalala na kalamu mkononi.

Nikamgeukia Mwingereza wa zamani, Anthony Trollope, mfanyakazi wa posta. Huyu bwana alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele, anadai maneno 250 kila robo saa. Alitunga riwaya 47. Ila siri iko hapa: alimlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka amwamshe na kumletea kahawa. Mimi nimlipe nani?

Kumbe wa kwangu yupo uani. Kuna mama tumepanga nyumba moja, anauza vitumbua, anawasha jiko saa kumi alfajiri. Nikaomba nikae karibu na taa yake. Naketi juu ya ndoo, naandika kurasa tatu, kisha namsomea huku akigeuza. Sifuti kitu. Mume wa Rehema kwenye riwaya hiyo ameshabadilika jina mara mbili. Mama aligundua, akacheka mpaka kitumbua kikaungua.

Wiki iliyopita nilifika mahali Rehema anakuta barua kwenye koti la mumewe, nikafunga daftari. "Barua ya nani hiyo, mwanangu?" Nikamwambia kesho, mama. Kesho yake nilichoka, nikajifunika shuka gubigubi. Saa kumi na robo dirisha likagongwa kwa mwiko.

"Amka wewe! Usiku kucha sijalala kwa ajili ya hiyo barua!"

Sasa niko ukurasa wa 96. Mdogo wangu anaingia tarehe mosi. Barua mwenyewe hata mimi sijajua imetoka kwa nani, na mama nimemzungusha siku nne. Jana kitumbua changu cha bure sikukiona.