Gharama ya usimbaji mpakani: hesabu ya Busia na Tororo

Usimbaji, yaani kuandika maagizo ambayo kompyuta itayafuata hatua kwa hatua, unaweza kufundishwa kama somo lenye vipindi vyake au kama mradi ndani ya hisabati na sayansi. Upande wa Kenya, masomo ya sekondari msingi yalipunguzwa mwaka 2024 hadi 9, na sayansi ya kompyuta ikaunganishwa na biashara na ufundi katika somo moja lenye vipindi 4 kwa wiki. Hisabati ina vipindi 5 na sayansi 5. Upande wa Tororo, nchini Uganda, mtaala ulioanza Februari 2020 umeifanya kompyuta kuwa somo la hiari, lakini hisabati na sayansi ni za lazima. Kote kuwili, muda mwingi uko kwenye hisabati na sayansi.

Hesabu inahitaji mradi halisi. Mto Nzoia hufurika Budalang'i, kusini mwa kaunti ya Busia. Kihisi kinachotuma sauti na kusikiliza mwangwi kikifungwa chini ya daraja hupima umbali hadi kwenye uso wa maji: kasi ya sauti mara muda, gawa kwa 2. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.010, na kasi ikiwa mita 343 kwa sekunde, maji yako mita 1.715 chini ya kihisi. Hiyo ni kasi ya nyuzi 20. Joto likifika 30, kasi huwa takriban 349, na jibu linakuwa mita 1.745. Mwanafunzi anayeona tofauti ya sentimita 3 analazimika kuongeza mstari wa programu unaosoma joto. Sayansi, kanuni ya hisabati na usimbaji vimekutana katika tatizo moja.

Sasa vifaa. Tuchukue shule yenye mikondo 3 ya wanafunzi 45, jumla 135, na makundi ya watatu watatu: seti 15 zinazopokezanwa. Nakadiria kila seti, yaani bodi ndogo, kihisi, nyaya na betri, kuwa Sh4,500 za Kenya. Jumla ni Sh67,500. Tukiweka asilimia 20 ya kubadilisha vilivyoharibika katika mwaka wa pili na wa tatu, inafika Sh94,500. Kwa miaka 3, hiyo ni Sh233 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mgao wa serikali ya Kenya kwa mwanafunzi wa sekondari msingi ni Sh15,042 kwa mwaka, kwa hiyo vifaa vinakula asilimia 1.6. Mgao wenyewe hulalamikiwa kuchelewa na kufika pungufu, nayo asilimia hiyo itapanda kadiri unavyopungua.

Kompyuta ndizo nzito. Vipakatalishi 15 vilivyotumika, kwa makadirio ya Sh20,000 kila kimoja, ni Sh300,000. Vikidumu miaka 3, Sh741 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Pamoja na vifaa inafika Sh974, au takriban Sh27,300 za Uganda kwa kiwango cha 28 kwa 1. Kumpa kila mwanafunzi kipakatalishi chake kungegharimu Sh2,700,000, zaidi ya mgao wa mwaka mzima wa shule hiyo, Sh2,030,670.

Umeme, unaotajwa kila mara, ni mdogo. Vipakatalishi 15 vya wati 40 kwa kipindi cha dakika 40 hutumia uniti 0.4. Kwa Sh30 kwa uniti, vipindi 60 vya mradi, yaani 20 kwa kila mkondo, ni Sh720 kwa mwaka. Shule isiyo na umeme kabisa ina hesabu nyingine.

Mwalimu ndiye anayebadilisha picha. Tangu Julai 2022, Uganda humlipa mwalimu wa sayansi mwenye digrii Sh4,000,000 za Uganda kwa mwezi, kama Sh143,000 za Kenya. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi Kenya alilipwa Sh20,000. Kwa vipindi 900 kwa mwaka, kipindi kimoja ni karibu Sh1,905 Tororo na Sh267 Busia. Miradi miwili ya vipindi 10 kila mmoja inagharimu, kwa darasa la 45, Sh847 kwa mwanafunzi Tororo na Sh119 Busia. Hakuna shilingi mpya inayotoka, kwa kuwa mshahara umeshalipwa. Kinachotoka ni vipindi 20 kati ya 360 vya hisabati na sayansi, asilimia 5.6, na mada zitakazokosa nafasi hazimo katika bajeti yoyote.

Busia ina ushahidi wake kuhusu vifaa, na unastahili kusomwa kabla ya kununua chochote. Michael Kremer, mshindi wa Nobel ya uchumi 2019, na wenzake walifanya majaribio shuleni Busia na Teso. Vitabu vya kiada havikuinua alama za wastani; walionufaika ni waliokuwa tayari juu, kwani vitabu vilikuwa vya Kiingereza na vigumu kwa wengi. Chati za ukutani, zikiwemo za sayansi na hisabati, ziligawiwa shule 89 kati ya 178. Matokeo hayakuonyesha tofauti. Bodi na vihisi vina hatari ileile: maagizo ya programu nyingi ni ya Kiingereza, na katika kundi la watatu anayeshika kipakatalishi huwa yule anayejua tayari. Kiongozi wa mradi akitaka kujua thamani ya Sh974, aangalie alama za wanafunzi wa nusu ya chini.

Mtihani unasaidia kidogo. Uganda huhesabu asilimia 20 kutokana na tathmini za shuleni; Kenya nayo huchukua asilimia 20 kutokana na tathmini za Gredi ya 7 na 8. Mradi usioingia humo utaachwa muhula wa mitihani.

Imebaki mafunzo. Walimu wawili kwa makadirio ya Sh30,000 kila mmoja ni Sh148 kwa mwanafunzi kwa mwaka, wakikaa miaka 3. Wakiondoka baada ya mwaka 1, inakuwa Sh444, karibu mara mbili ya zile Sh233 za seti. Januari 2025 Kenya iliwaajiri kwa masharti ya kudumu walimu wanagenzi 46,000 wa sekondari msingi. Kwa hesabu hii, uamuzi huo una uzito zaidi kuliko shehena yoyote ya kompyuta, mradi walimu hao wabaki katika shule walikofunzwa.