Ukingo wa Ziwa la Kamburu

Mvua kubwa ikinyesha usiku, sisi tukaao Dallas, mjini Embu, huukuta mto Rupingazi asubuhi u mwekundu kama tofali. Wekundu huo ni udongo wa mashamba. Rupingazi huingia katika Thiba, nao Thiba huishia katika ziwa la Kamburu, lililofanyizwa mwaka 1974 kwa kuuziba mto Tana ili kupata umeme.

Yafaa wasomaji wajue jinsi udongo huo unavyofuatwa. Wapimaji huchukua ramani ya bonde iliyochorwa kabla ya maji kujaa, wakailinganisha na mpya. Mashua hupita ikipima kina. Wengine hutembea ukingoni wakitazama palipo mwamba na palipo udongo mtupu. Hapa mawimbi yamekula ukingo, pale nchi kavu imezaliwa palipokuwa na maji. Mchanga mzito hutua kwanza mdomoni mwa mto, mwendo wa maji unapopungua. Tope jepesi husafiri hata karibu na ukuta.

Wako wadhanio kwamba ziwa la Masinga, lililo juu zaidi na lililojengwa mwaka 1981, huizuia taka yote. Huizuia ile ya Tana. Thiba haipiti huko. Tope letu lafika Kamburu moja kwa moja, na kulichota chini ya maji ni ghali kupita kiasi.

Jirani yangu, alimaye hadi mtoni, alicheka nilipomweleza haya. Baada ya mvua alinionyesha mahali ulipokuwa mstari wake wa mwisho wa migomba.