Ng'ambo ya Likoni: Vinara vya Kale vya Pwani ya Kusini

Feri ya Likoni ikigusa gati upande wa kusini, hakuna anayegeuka nyuma. Huyu anawahi matatu ya Ukunda, yule ya Lunga Lunga, mwingine ana begi la ufukweni na kofia ya ukili. Historia wameiacha kisiwani, kwenye kuta za Fort Jesus. Huku wamekuja kuogelea.

Kwale, kaunti ya upande huu, imezoea kuwa kitinda mimba katika nyumba yenye kaka wengi. Mombasa ina ngome, Malindi ina nguzo ya Vasco da Gama, Gede ina gofu la mji mzima, Kilwa ina sarafu zake. Mdogo wao anasifiwa mchanga mweupe, basi. Hata wenyeji nimewasikia wakisema huku hakuna cha kale cha maana. Nikaona niorodheshe vinara vya upande huu, vile vinavyostahili neno "kuliko", ili siku nyingine mtu akinibishia niwe na cha kumjibu.

Paa kaidi kuliko yote

Mto Mwachema unapoingia baharini, mpakani mwa Tiwi na Diani, upo msikiti mdogo chini ya mibuyu. Watu wanauita Msikiti wa Kongo. Ulijengwa karne ya 14 au ya 15, na ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya pwani hii ambayo bado inaswaliwa. Ukitaka kujua uzito wa maneno hayo, nenda kaone wenzake: wa Jumba la Mtwana, wa Mnarani, wa Gede. Mihrabu ipo, kisima kipo, na juu ni mbingu. Paa lilishakwenda.

Kwa nini la Kongo halikwenda? Tazama juu ukiwa ndani, utaona jibu. Fundi wa zamani wa pwani alikuwa na mawe ya matumbawe tele na chokaa tele. Kilichombana ni mti. Dari ililazwa juu ya boriti za mkoko, na boriti nzuri ya mkoko haivuki mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba kama ushoroba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Sasa boriti nayo huliwa na mchwa, huoza mvua ikipenya, na ikikatika moja, mzigo wote wa mawe na chokaa uliokaa juu yake unashuka.

Fundi wa Kongo aliikwepa boriti. Aliipinda dari yenyewe, jiwe kwa jiwe, ikawa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kulazwa kifudifudi juu ya kuta. Mawe yanabanana yenyewe kwa yenyewe, wala hakuna mti wa kuoza. Gharama yake ni kuta nene zinazokula nafasi, kwa hiyo ndani ni padogo na pana kiza. Unatoka kwenye jua la saa saba unaingia ubaridini, na mtu akisoma kwa kunong'ona sauti inakurudia kutoka juu.

Wapenda mambo ya kale hulalamika kwamba ukarabati wa Kongo umeficha mengi. Mimi nalalamika kidogo tu. Gede haijapakwa chokaa tangu ihamwe, na tunaona ilivyo.

Mlangoni unavua viatu, unaosha miguu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa pale walitembea pekupeku, na kwamba anayeingia msikitini aliteka maji kisimani mlangoni, akaosha miguu, kisha akaikanyaga juu ya mkeka mnene kuikausha. Shika hilo la pekupeku, tutalirudia tukifika Vumba.

Jina lililosafiri mbali kuliko wenyewe

Miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale akapata vigae vya vyungu vyenye kingo zilizokatwa kwa mshazari na kuchorwa mifuo, pamoja na mabaki ya ufuaji wa chuma. Umri wake ulikwenda hadi karne ya 3 hivi, miaka mia kadhaa kabla ya mtu yeyote kujenga msikiti wa mawe pwani hii. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967, na kama kawaida ya fani hiyo, vyungu vikapewa jina la mahali vilikotambuliwa.

Tangu hapo jina la Kwale halijatulia. Vyungu vya aina hiyo vimeonekana kwenye milima ya Pare na Usambara, vikaonekana Rufiji, vikaonekana hadi kisiwani Mafia. Mwanafunzi wa akiolojia Dar es Salaam anaandika "Kwale" kwenye mtihani bila kuwahi kuvuka mpaka wa Horohoro. Na kama kuwachanganya zaidi, kipo kisiwa kiitwacho Kwale huko Kisiju, Tanzania. Mfinyanzi aliyekata kingo zile kwa ukucha au kijiti hakuwa na habari kwamba mkono wake utakuja kuwa kipimo cha nusu ya Afrika Mashariki.

Ziara fupi kuliko zote

Hili halihitaji maneno mengi. Alfajiri ya Aprili 6, 1498, meli ya São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu kusini ya Tanga. Watu wa bara wakawaendea kwa mashua wakiwa na machungwa, na mwandishi wa safari akakiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Maji yakajaa, meli ikanyanyuka. Aprili 7, jioni, walikuwa wametia nanga nje ya Mombasa.

Hesabu mwenyewe. Vanga, Wasini, Funzi, Msambweni, Gazi, Diani, Tiwi, zote zilipitwa chini ya siku moja, bila mguu wa Mreno kukanyaga mchanga ambao leo watu wanapanda ndege kuja kuulalia. São Rafael yenyewe ilirudi kufia kule kule kwenye machungwa: Januari 1499 mabaharia walikuwa wamekufa wengi kwa kiseyeye, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu, wakaichoma moto. Sanamu ya malaika iliyokuwa mbele ya meli iko Lisbon hadi leo.

Waliofanya kazi kubwa wakatajwa kidogo

Mwaka 1589 Mombasa ilipatikana na balaa mbili kwa mpigo. Baharini zilikuwapo meli za Wareno kutoka Goa, zimekuja kumsaka nahodha wa Kituruki Mir Ali Bey. Bara walikuwapo Wazimba, jeshi ambalo padre João dos Santos aliandika kwamba lilitoka pande za Zambezi na kuiangamiza Kilwa njiani, na kwamba lilikula watu. Wanahistoria wengine wanashuku kama Wazimba wa Mombasa ni wale wale wa Zambezi, na hilo la kula watu nalo limepata wabishi. Kama ni wale wale, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, na mtu atokaye Kilwa kwenda Mombasa kwa miguu hawezi kuikwepa Kwale.

Wazimba waliingia kisiwani, wakaua, kisha wakaelekea Malindi. Hapo ndipo Wasegeju wapatao 3,000 walipotokea, wakalivunja jeshi lile. Hawakuishia hapo: baadaye waliitwaa Mombasa, wakamkabidhi mfalme wa Malindi, rafiki wa Wareno. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus kwenye kisiwa ambacho wengine walikuwa wamewatekea.

Ngome ina jina, ina makumbusho, ina tiketi ya kuingilia. Wasegeju wakashuka kusini. Leo ukiwatafuta utawapata Vanga, Jimbo, na ng'ambo ya mpaka hadi Tanga, wengi wakisema Kidigo au Kiswahili. Chini ya Usambara lipo kundi linaloshikilia bado Kidhaiso, lugha iliyo na undugu na Kikamba, ushahidi wa walikotoka. Nimewahi kupita Fort Jesus na kundi la watalii, mwongozaji akaeleza habari za Wareno na Waomani kwa saa nzima. Wasegeju hawakupata hata sentensi.

Kiti ghali kuliko vyote

Sasa Vumba, na hapa naomba nikae kidogo.

Vumba Kuu ulikuwa mji wa bara, pande za Vanga karibu na mpaka wa leo wa Tanzania. Watu wake, Wavumba, baadaye walihamia kisiwani Wasini, na wazee wao hadi leo wana Kivumba chao kisichofanana sawasawa na Kimvita cha Mombasa. Mtawala wao aliitwa Diwani. Mwaka 1900 afisa wa Kiingereza, A. C. Hollis, alichapisha historia ya Vumba kama alivyoipokea kwa wenyeji, na kilichojaa humo si vita. Ni mambo ya nani avae nini na nani alishe nani.

Makubazi, kilemba na mwavuli vilikuwa alama za enzi. Siwa ilipulizwa na ngoma zilipigwa kwa ajili ya mwenye kiti. Kumbuka Mombasa ya pekupeku: katika nchi ambayo watu wanatembea miguu mitupu, jozi ya makubazi inasikika kabla mwenyewe hajafika.

Lakini huo udiwani hukupewa kwa kuwa tu baba yako alikuwa nao. Ulitakiwa ulishe. Mji mzima ule na ushibe, karamu juu ya karamu, hadi watu wakubali kwamba umefaa kuvikwa kilemba. Hata masharifu wa ukoo wa Ba Alawi, wenye nasaba inayofika Hadhramaut na kwa Mtume, waliokuja kukikalia kiti hicho, walikikuta kina masharti yake. Unaweza kuwa mtoto wa Diwani, una haki zote, na ukakosa kiti kwa kukosa mchele.

Hapa ndipo jembe la mwanaakiolojia linapokutana na maneno ya wazee. Stephanie Wynne-Jones alipochimba Vumba Kuu alikuta msikiti wa mawe, lakini hakukuta mtaa wa majumba ya mawe. Wakazi wa karne ya 14 na 15 waliishi kwenye nyumba za miti na udongo. Kwa muda mrefu wasomi walikuwa wakipima mji wa Waswahili kwa mawe: mji wenye majumba ni wa matajiri, wa udongo ni kijiji cha wavuvi. Kwa kipimo hicho Vumba ni kijiji. Kijiji chenye Diwani, siwa, mwavuli, na historia inayosimuliwa hadi kwa Mzungu wa mwaka 1900! Mimi naona mali ya Vumba iliingia chunguni. Aliyekuwa nacho hakukijengea ukuta, alikipika, na waliokula wakawa ndio ushahidi wake.

Msitu unaokataza zaidi

Kaya Kinondo, kusini kidogo mwa Diani, ni hekta 30 tu. Unaweza kuuzunguka kabla chai haijapoa, kama ungeruhusiwa kuuzunguka ovyo. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, huambiwa asichume jani, asiokote kuni, asikumbatiane wala kubusiana na mwenzake humo ndani. Ndani ndipo Wadigo walipokuwa na makazi yao ya kujihami, na ndipo fingo, kinga ya kaya, ilipozikwa. Watu walishahamia nje, miiko ikabaki kulinda miti. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika Kinondo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika urithi wa dunia.

Hoteli za Diani zimesogea hadi karibu. Kila nikipima bei ya ardhi ya ufukwe ule naona hakuna ukuta wa mawe ambao ungeweza kuzuia kilichozuiwa na kaniki.

Mwasi wa muda mrefu na admirali wa dakika 38

La mwisho si la kale sana, nakiri, lakini limefungamana na rekodi maarufu ya dunia na watu hawaoni kamba.

Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipowavunja Wamazrui, watawala wa Mombasa, mwaka 1837, tawi moja lilikwenda Takaungu, jingine Gazi, kwenye ghuba ile yenye mikoko kati ya Ukunda na Msambweni. Gazi ndiko alikotawala Mbaruk bin Rashid, ambaye kuanzia miaka ya 1870 aliasi dhidi ya Zanzibar, akapatanishwa, akaasi tena, mchezo uliodumu zaidi ya miaka 20. Alikuwa na boma lake Mwele, kwenye vilima nyuma ya pwani. Mwaka 1895 Waingereza walipoingilia urithi wa kiti cha Takaungu na kumweka waliyemtaka, Mbaruk akaingia vitani kwa mara ya mwisho. Agosti 17, 1895, Admirali Harry Rawson aliliteka boma la Mwele. Mzee akapigana msituni miezi kadhaa, na Aprili 1896 akavuka na watu wake kuingia upande wa Wajerumani.

Rawson hakupumzika. Agosti 27, 1896, meli zake zilipiga mizinga kasri la Zanzibar kumng'oa Khalid bin Barghash aliyejitwalia usultani, na kwa dakika kama 38 vikawa vita vifupi kuliko vyote katika historia. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na kutoka hapo akapelekwa Dar es Salaam.

Mbaruk alikuwa ameshatangulia. Mji mmoja, bendera moja ya Kijerumani, wote wawili wamefurushwa na admirali mmoja: kijana wa vita vya dakika 38, na mzee wa Gazi wa miaka 20 na ushei.