Soko la Vyuma na Turubai za Kirikuu

Anayetaka kujua ukubwa wa soko la vifaa vya kubebea mizigo kwenye magari madogo asianzie kwenye takwimu za forodha. Aanzie Sakina, kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, upande inakoteremkia mizigo ya Ngaramtoni na Oldonyo Sambu. Kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, hutoka Japani na bodi fupi, na sheria ya huko inairuhusu kubeba kilo 350 tu. Ikifika hapa huongezewa vyuma vya pembeni, turubai, ndoano na kamba. Vyuma hivyo haviingii nchini vikiwa bidhaa kamili. Huanza kama mabomba na bati, kisha fundi wa kuchomelea huvikata kwa kipimo cha gari moja. Ndiyo maana hesabu za uagizaji hulidogosha soko hili. Na turubai likichakaa kwa jua, mteja hurudi.

Wapo watakaosema vyuma virefu vinaalika kuzidisha uzito. Hofu hiyo ni ya haki: Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya 2016 inalenga magari ya kuanzia kilo 3,500, kwa hiyo kirikuu hupita mizani bila kuulizwa. Lakini majani ya ng'ombe, magodoro na matenga matupu hujaza nafasi kabla ya kufikisha uzito. Saruji ndiyo ya kuogopwa: mifuko 7 ya kilo 50 humaliza kilo zote 350, nayo hulala chini kabisa, ndani ya bodi ileile ya kiwandani.