Umati Mbele ya Kituo

Machi 16, 1922, maelfu ya watu walikuwa wamejaa nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi, mikono mitupu. Siku mbili kabla, Harry Thuku, kiongozi wa East African Association, alikuwa amekamatwa. Alikuwa amesema hadharani yaliyomchoma kila kibarua: kodi iliyopanda, ujira uliokatwa, na kipande, kile cheti cha kazi kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Wagikuyu walikiita kikebe hicho mbugi, kengele ya mbuzi.

Wajumbe walikwenda kuonana na Bowring, mmoja wa wakuu wa serikali wakati ule, wakarudi wakiwaomba watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru akajitokeza mbele, akapandisha gauni lake hadi mabegani na kuwataka wanaume wampe suruali zao, kama wao wameogopa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasukumana kuelekea askari, bunduki zikalia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walisema ni wengi zaidi.

Wengi hudhani risasi ndizo zilizoliua vuguvugu lile. Sikubaliani nao. Amritsar, nchini India, mwaka 1919, waliuawa mamia, na bado Wahindi waliendelea kudai nchi yao. Tatizo la Nairobi lilianza kabla ya risasi. Wafanyakazi walikuwa wamegoma, na mgomo ulimgusa mlowezi hadi jikoni kwake. Lakini nguvu yote ikahamia kwenye lango moja la kituo, kwa ajili ya mtu mmoja. Vibarua wa mashambani hawakuwa wamejipanga kuacha jembe, na machifu, waliokula mshahara wa serikali, walikuwa wamempinga Thuku waziwazi. Basi serikali ilihitaji mambo mawili tu: kulisafisha lango, na kumpeleka Thuku Kismayu. Chama kikavunjika, watu wakarudi kazini.

Linganisha na Mombasa. Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku kumi na mbili: makuli wa bandarini, watu wa reli, wapishi, madobi. Walikutana kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini, wakajadili, wakarudi majumbani. Hapakuwa na lango la kulipigia risasi. Meli zilikaa na shehena zake, na bila bandari ile Kenya na Uganda zote zilibanwa koo.

Serikali ikaunda baraza chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Agosti mwaka huohuo Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi hao, alikamatwa na kupelekwa Kabarnet. Shirikisho likazorota, kama chama cha Thuku. Ila safari hii nyongeza ilikuwa imeshaingia mifukoni mwa makuli.