Nyuki, Nyigu na Jibu la Ayubu

Ukipita Karatu mbaazi zikiwa zimechanua, simama kidogo kando ya shamba. Utamwona nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa boriti za nyumba zetu na kulea watoto humo. Anatua juu ya ua la njano, uzito wake unalifungua, chavua inamganda mwilini, naye anaipeleka kwenye ua jingine. Kumhubiri huyo ni rahisi.

Sasa panda hadi msitu wa Ngorongoro, unaotunza chemchemi za maji ya Karatu. Humo yumo nyigu mwembamba asiyejenga kiota. Jike humchoma kiwavi kwa sindano iliyo mkiani na kutaga ndani yake. Watoto wakianguliwa, humla kiwavi angali hai. Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba hawezi kushawishika kuwa Mungu mwema alimkusudia mdudu wa namna hiyo.

Tusimcheke. Ni kweli kwamba ndugu za nyigu huyo hupunguza viwavi wanaotoboa maganda ya mbaazi, lakini jibu hilo humfaa mkulima, kiwavi halimsaidii. Mimi hurudi kwa Ayubu sura ya 39. Mungu mwenyewe anamtaja tai na makinda yake yanayokunywa damu. Hafichi, wala haombi radhi.

Na Ayubu aliyasikia hayo akiwa bado na majipu mwili mzima.